Tyubu mbili siku moja: kubadilisha na kubalansi tairi la pikipiki nyumbani

Msomaji wetu wa Mambrui ameuliza: "Nina Boxer 150 yenye rimu za spoku, naendesha bodaboda kati ya Mambrui na Malindi mjini. Juzi nilibadilisha tairi la nyuma mwenyewe nyumbani kwa bisibisi mbili kubwa na nyundo. Tyubu mpya ikatoboka siku hiyo hiyo, nikatia nyingine, nayo ikatoboka kabla sijafika Gongoni. Na tairi la mbele, nililolibadilisha wiki moja kabla, linatetemesha usukani nikifika 60. Fundi mmoja ameniambia kazi hii haifanyiki bila mashine. Ni kweli? Na balansi hufanywaje?"

Ndugu yangu, pole kwa hasara ya tyubu mbili. Aliyekwambia kazi haifanyiki bila mashine amekupoteza. Tairi la inchi 17 lenye tyubu hubadilishwa kwa leva tatu, maji ya sabuni, na kuelewa jambo moja kuhusu umbo la rimu. Ukishalielewa, nguvu nyingi hazitakiwi, na ukijiona unatumia nguvu nyingi jua kuna kitu umekosea. Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu pande zote, nayo hufanyika kwa ekseli ya pikipiki yenyewe na waya wa kulehemu. Ila usianze na balansi. Usukani unaotetema kwenye 60 baada ya kubadilisha tairi, mara nyingi kosa liko kwenye jinsi tairi lilivyokaa kwenye rimu, na hapo hata ukifunga uzito wa kilo moja hautasaidia.

Itazame tyubu kabla ya kununua nyingine

Hizo tyubu mbili ulizozitupa pembeni zitakwambia zaidi kuliko mtu yeyote. Zijaze upepo, zizamishe kwenye karai la maji, tafuta mapovu yanapotokea. Kisha ilaze tyubu juu ya gurudumu, valvu yake ikiwa mkabala na tundu la valvu kwenye rimu, uone tundu la pancha linaangukia wapi.

Tundu likiwa upande wa nje, unaoelekea barabara, ni mwiba, msumari au chupa. Hapo pitisha kitambaa ndani ya tairi, si vidole vitupu, ukizunguka pande zote. Mwiba wa mgunga huvunjika ukabaki na ncha ndogo ndani ya mpira, huwezi kuiona kwa nje, na itatoboa tyubu ya pili na ya tatu hadi uing'oe kwa koleo. Anayepeleka abiria njia ya Langobaya na Sala anaijua shida hii.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, ni kichwa cha spoku, kutu, au ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku umehama au umeoza.

Tundu likiwa ubavuni, tena si duara bali ni mkato mfupi kama wa wembe, au mikato miwili inayotazamana, hiyo ni leva. Kwa upande wako, ni bisibisi. Mikato miwili ya namna hiyo hutokea pia ukigonga jiwe au ukingo wa lami upepo ukiwa mdogo, kwa sababu tyubu hubanwa baina ya tairi na rimu. Tofauti yake ni kwamba ya leva huwa karibu na pale ulipomalizia kuingiza tairi, na huanza kutoa upepo siku hiyo hiyo.

Mpasuko ukiwa kwenye kitako cha valvu, tairi linateleza juu ya rimu na kuivuta tyubu. Chanzo ni upepo mdogo, au mafuta yaliyopakwa wakati wa kuvalisha tairi.

Kwako, ya kwanza ningeitilia shaka bisibisi. Ya pili inawezekana ni bisibisi tena, lakini linganisha: kama matundu yote mawili yako sehemu moja ya gurudumu, tafuta mwiba ndani ya tairi au spoku kwenye rimu. Usitie tyubu ya tatu kabla ya kupata jibu.

Tairi na tyubu za kununua

Boxer na TVS nyingi za kazi huvaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Usitegemee kumbukumbu, soma ubavuni mwa tairi la zamani, maana kuna pikipiki za inchi 18 zinazofanana nazo kwa mbali. Baada ya saizi huja alama ya mzigo na kasi. 50P maana yake tairi hilo hubeba hadi kilo 190 likiwa na upepo wake kamili, na kasi isizidi kilomita 150 kwa saa. 41P ni kilo 145. Kwa mtu anayebeba abiria na gunia la makaa, usikubali tairi la nyuma lenye alama ya chini kuliko lile lililokuja na pikipiki.

Angalia pia tarehe. Kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai ubavuni: 3822 ni wiki ya 38 ya mwaka 2022. Tairi lililoanikwa nje ya duka juani kwa miaka mpira wake hukauka, ukilikunja kidogo utaona nyufa nyembamba baina ya meno. Hilo liache hapo lilipo hata kama bei ni nzuri, kwa sababu kwenye lami yenye maji halishiki.

Tyubu iwe ya saizi ya tairi. Iliyoandikwa 2.75/3.00-17 hufaa mbele na nyuma. Tyubu ya 18 ikiingizwa kwenye 17 hujikunja, na pale ilipojikunja hujisugua hadi itoboke yenyewe bila mwiba wowote. Na ukiuziwa tairi la tyubulesi, yaani lililotengenezwa litumike bila tyubu, kwenye rimu ya spoku bado litahitaji tyubu, kwani upepo utatokea kwenye matundu ya spoku.

Nunua na ukanda wa rimu mpya. Ni wa bei ndogo kuliko tyubu, na huku kwetu pwani unachakaa upesi. Ukikosa, kata pete kutoka tyubu kuukuu ya upana unaofunika vichwa vyote vya spoku bila kupanda kwenye kuta za rimu, itoboe tundu la valvu, na uhakikishe haina mkunjo.

Vifaa

Leva tatu za kufungulia tairi, urefu wa sentimita 25 hadi 30, zenye ncha bapa iliyoviringwa. Pitisha kidole kwenye ncha, na ukihisi makali yapige msasa hadi yaishe. Bisibisi ina kona mbili kali na ni nyembamba, ndiyo maana inakata. Ziada ya hapo ni spana za nati za ekseli (mara nyingi 17 na 19, lakini pima zako), koleo la kutolea kotapini, kifaa kidogo cha kufungulia sindano ya valvu, pampu ya mguu, na geji ya upepo. Geji usiiache. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba hakukwambii tofauti ya 20 na 30 (vipimo vyote vya upepo hapa ni PSI).

Kwa kulainisha, yeyusha sabuni ya kipande kwenye maji ya mfereji au ya mvua. Maji ya visima vingi vya Malindi na Mambrui yana chumvi, na chumvi hiyo utaifungia ndani ya rimu yako kwa mwaka mzima. Usitumie oili chafu, grisi wala dizeli, kwani huulegeza mpira. Mafuta ya nazi nayo usiyatumie. Hayakauki, kwa hivyo ukikaza breki tairi litateleza kwenye rimu na kung'oa valvu. Sabuni hukauka ikashika.

Kutoa gurudumu na tairi

Fanya kazi juu ya sakafu ngumu, pikipiki ikiwa kwenye dabo stendi, na utandike gunia au mkeka mkuukuu. Mchangani usifanye: punje zikiingia ndani ya tairi zitaisugua tyubu kila mzunguko.

Piga picha kwa simu kabla hujafungua chochote, hasa bushi za pande mbili za ekseli, kwani hazilingani urefu. Kwa nyuma, fungua nati ya kurekebishia breki utoe fimbo yake, fungua bolti ya mkono unaoshika sahani ya breki, toa kotapini, legeza nati ya ekseli na virekebisho vya cheni. Sukuma gurudumu mbele, ondoa cheni kwenye sproketi, kisha vuta ekseli. Kwa mbele ni waya wa breki na waya wa spidomita tu. Kama breki ya mbele ni ya disiki, usiguse mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Chomeka kipande cha mbao baina ya pedi.

Toa sindano ya valvu upepo uishe kabisa, fungua nati ya valvu, isukume valvu ndani. Sasa bandua mdomo wa tairi, yaani ule ukingo wenye waya wa chuma ndani uliokaa kwenye rimu. Kanyaga kwa kisigino juu ya mpira, karibu na rimu lakini si juu ya rimu, uzunguke pande zote, kisha geuza gurudumu ufanye upande wa pili. Tairi lililokaa muda mrefu hugandishwa na kutu. Mimina maji ya sabuni kwenye mwanya, subiri dakika tano, weka kipande cha ubao juu ya tairi na ulikandamize kwa stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine. Linabanduka.

Mfereji wa rimu, na ndipo kazi yote ilipo

Tazama rimu yako tupu kwa pembeni. Kingo zake zimeinuka na katikati kuna mfereji. Waya ulio ndani ya mdomo wa tairi hauvutiki hata kidogo, na mzunguko wake ni mdogo kuliko ukingo wa rimu. Basi tairi linapitaje? Linapita kwa sababu upande mmoja ukizama ndani ya mfereji, upande wa pili unapata nafasi ya sentimita moja au mbili ya kuvuka ukingo. Usipouzamisha mdomo kwenye mfereji, nafasi hiyo haipo, na leva yako inapigana na waya wa chuma. Hapo ndipo watu huchukua nyundo, leva ikaponyoka, rimu ikapinda na tyubu ikakatwa.

Kwa hiyo wakati wa kutoa, anzia kwenye valvu, na magoti yako yawe upande unaotazamana nayo, ukiukandamiza mdomo uzame. Chomeka leva ya kwanza, inue, iegemeze kwenye spoku. Ya pili iweke upana wa vidole vitatu kando, kisha ya tatu. Ncha ya leva iingie sentimita moja au mbili tu, ikizidi inashika tyubu. Ukishavusha sehemu ya urefu wa shibiri mbili, iliyobaki utaivuta kwa mkono. Toa tyubu, kisha usimamishe gurudumu na kuvusha mdomo wa pili kutoka upande ule ule.

Rimu yetu ya pwani

Hapa usiharakishe. Upepo wa bahari una chumvi, na ule ukanda wa mpira hushikilia unyevu juu ya chuma, kwa hivyo rimu huoza kwa ndani ilhali kwa nje bado inang'aa. Wanaopita kila siku karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hupata hali mbaya zaidi. Vua ukanda, sugua kutu kwa brashi ya waya kisha msasa, hasa pale mdomo wa tairi unapokaa, maana maganda ya kutu huzuia mdomo kukaa sawa. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye kila kichwa cha spoku. Spoku iliyotokeza juu ya nati yake ipige tupa hadi iwe sawa. Ioshe rimu kwa maji matamu, ikaushe, ipake rangi ya kuzuia kutu na uiache hadi kesho yake. Rangi mbichi hugandana na mpira. Kama kutu imekula hadi ukingo umekuwa mwembamba au kuna tundu, rimu hiyo imekwisha, ibadilishe.

Tairi likiwa nje ndio wakati wa kupima spoku pia. Gonga kila moja kwa spana ndogo. Zilizokaza hutoa mlio wa juu, iliyolegea hutoa mlio mzito. Kaza iliyolegea robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha zungusha gurudumu uone kama limepinda.

Kuvalisha

Tafuta mshale ubavuni, uelekee upande gurudumu linakozunguka ukienda mbele. Kama kuna nukta ya rangi ubavuni, kwa kawaida ndiyo sehemu nyepesi ya tairi, nawe iweke kwenye valvu, kwani valvu na kitako chake ni uzito. Mdomo wa kwanza uliopakwa sabuni huingia kwa mikono na goti, pengine leva mara moja.

Tyubu itie upepo kidogo tu, ipate umbo la duara bila kuvutika. Ipake poda ya watoto ili isigandane na tairi, ipange ndani, toa valvu kwenye tundu lake na ufunge nati nyuzi mbili au tatu tu. Zunguka kwa mkono uhakikishe haijajikunja popote.

Mdomo wa pili uanze upande unaotazamana na valvu na umalizie kwenye valvu. Sababu yake ni kwamba pale kwenye valvu tyubu na kitako chake vimejaza mfereji, mdomo hauwezi kuzama. Ukimalizia upande wa mbali na valvu, umejinyima nafasi. Basi piga magoti juu ya sehemu uliyokwisha kuingiza, iendelee kuzama, huku ukisogea kidogo kulia, kidogo kushoto. Leva ishike sehemu fupi, vidole viwili vitatu, ikae bapa, isiinuke kupita kusimama wima. Ikibaki shibiri moja na ikawa ngumu, simama. Usiongeze nguvu. Rudi upande wa pili ukandamize tena mdomo kwenye mfereji, ongeza sabuni, usukume valvu juu ndani ya tairi ili tyubu iondoke njiani, kisha malizia. Itaingia.

Kabla ya pampu, bonyeza ubavu wa tairi pande zote mbili, uchungulie mzunguko wote. Ukiona tyubu inachungulia baina ya mdomo na rimu, ukijaza itapasuka. Isukume irudi.

Jaza hadi 10, tikisa, dundisha gurudumu sakafuni ukilizungusha. Kisha jaza hadi 40, usizidishe, nawe utasikia mdomo ukipanda kwa mlio. Ubavuni karibu na rimu kuna mstari mwembamba uliochorwa kwenye mpira. Umbali wake kutoka ukingo wa rimu lazima uwe mmoja mzunguko wote, pande zote mbili. Pale ulipozama, tairi halijakaa: toa upepo, paka sabuni hapo, kanda kwa mikono, jaza tena. Likishakaa, toa upepo wote, tyubu ijinyooshe mikunjo, kisha jaza mara ya mwisho. Na wale wanaomwaga petroli ndani ya tairi na kuwasha moto ili likae, wasikudanganye. Mtu hupoteza macho kwa hilo.

Upepo wa kuendeshea, fuata kijitabu cha pikipiki. Kwa nyingi za aina hii ni 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Mchana wa Malindi geji itasoma zaidi, nawe usipunguze, kwani jioni utabaki na upepo mdogo. Wanaopita mchanga wa Kipini au Shela hupunguza upepo ili wasizame, na hilo lina sababu yake, lakini wakirudi kwenye lami bila kujaza ndipo tairi linapoteleza na valvu kung'oka. Ndiyo maana nati ya valvu haikazwi kwenye rimu. Irudishe juu iguse kifuniko. Valvu ikianza kulala upande, utaona mapema.

Kurudisha gurudumu ni kinyume cha kutoa, ila mambo matatu usiyasahau. Mkono wa sahani ya breki ya nyuma lazima ufungwe na bolti yake ikazwe: ukisahauliwa, ukikanyaga breki sahani nzima itazunguka na gurudumu litafunga ghafla. Kwa mbele, sahani ya breki ina pengo linaloshika kwenye jino la foku, na gia ya spidomita ina meno yanayoingia kwenye habu, hakikisha yamekaa kabla ya kukaza. Na cheni ipe mchezo wa milimita 25 hadi 30 katikati, ukisawazisha alama za pande mbili, kisha kaza ekseli na utie kotapini mpya.

Sasa usukani unaotetema

Inua gurudumu la mbele. Funga waya mwembamba kwenye foku, ncha yake ikaribie rimu bila kuigusa, zungusha. Mwanya ukibadilika zaidi ya milimita 2, kushoto na kulia au juu na chini, rimu imepinda au spoku zimelegea. Kisha sogeza waya kwenye tairi, karibu na ule mstari wa ubavuni. Kama rimu inazunguka sawa ila tairi linapanda na kushuka, halijakaa, na hili ndilo ninalolishuku kwako. Toa upepo, sabuni, jaza 40 tena.

Shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Mchezo wowote ni beringi, na beringi zenye kutu za pwani hazidumu. Geuza usukani polepole kushoto na kulia gurudumu likiwa hewani: ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimechimbika. Tazama na gurudumu la nyuma, kama limefungwa mshazari usukani wa mbele utatetema.

Yote hayo yakiwa sawa na bado linatetema, ndipo tuje kwenye uzito.

Balansi bila mashine

Gramu 20 zilizozidi upande mmoja wa rimu ya inchi 17 zinaonekana si kitu. Lakini kwenye kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 12 kwa sekunde, na gramu hizo huvuta nje kwa nguvu ya karibu kilo mbili na nusu, zikipiga foku juu na chini kila mzunguko. Kwenye 40 nguvu hiyo ni robo tu. Ndiyo maana mtu hahisi kitu mjini, akitoka mjini na kuingia lami ya Sabaki ndio usukani unaanza.

Toa gurudumu, ondoa sahani ya breki na gia ya spidomita, pitisha ekseli, na uilaze juu ya matofali au viti viwili vilivyo sawa kwa urefu, gurudumu likiwa huru katikati. Lisiwe mahali pa upepo wa kusi, funga mlango. Lizungushe taratibu, liache lisimame lenyewe, tia alama ya chaki pale chini kabisa. Rudia mara tano au sita. Alama zikitawanyika ovyo, gurudumu limebalansi, acha. Zikikusanyika sehemu moja, hapo ndipo pazito. Beringi zenye mpira wa kuzuia vumbi hukwama kidogo, kwa hiyo usiamini alama moja.

Weka pazito kwenye usawa wa saa tatu. Likishuka, ongeza uzito upande unaotazamana nao hadi gurudumu likae popote unapoliachia. Kwa rimu ya spoku, tumia waya wa kulehemu wa mafundi redio. Wa unene wa milimita 2, urefu wa sentimita 20 ni takriban gramu 5. Kwanza bandika kwa utepe ujaribu, kisha uzungushie spoku kwa kubana, karibu kabisa na rimu, na uufunike kwa gundi ya epoksi ili usilegezwe na mtikisiko. Uzito ukiugawa kwenye spoku mbili za jirani, moja inayokwenda kushoto na moja kulia, ni bora kuliko kuujaza kwenye moja. Zungusha gurudumu likiwa limefungwa uone kwamba hakuna kinachogusa foku wala breki.

Kwa rimu ya aloi, hutumika vipande vya kubandika vya gramu 5. Safisha mahali hapo kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kwani juu ya vumbi la chumvi gundi haishiki, vitadondoka njiani.

Kawaida utahitaji gramu 10 hadi 30. Ukipita 50, usiendelee kuongeza. Toa upepo, bandua midomo, geuza tairi nusu mzunguko juu ya rimu, upime upya: mara nyingi sehemu nzito ya tairi ilikutana na sehemu nzito ya rimu. Dawa ya pancha ya majimaji ndani ya tyubu itakuvuruga vipimo, maana hutuama chini kila gurudumu linaposimama. Kama umeitia, usihangaike kubalansi.

Tairi la nyuma kwa kasi ya bodaboda huna haja ya kulibalansi, isipokuwa unasafiri mara kwa mara barabara ya Garsen hadi Mokowe. Ukilifanya, ondoa sproketi pamoja na kishikio chake kabla ya kupima.

Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake, kwa hiyo kilomita 100 za kwanza usilaze pikipiki kwenye kona wala kufunga breki kwa ghafla, hasa lami ikiwa na maji. Ukishakwenda kama 50, pima upepo, kaza tena spoku zilizolegea, angalia kama valvu bado imesimama wima, na ujaribu nati ya ekseli kwa spana.